Nyumba Isiyo na Tundu

Hapo zamani, katika mji wa Pambaja, alikuwako maskini mmoja jina lake Vuai, mwenye ulimi mrefu na mfuko mfupi. Nyumba yake ya udongo aliijenga kwa mikono yake mwenyewe, wala mtu hakuhitaji kuambiwa, kwa kuwa ilikuwa imeinama upande wa bondeni kama mlevi anayesikiliza siri. Watu walipomcheka, yeye alicheka kuwazidi. "Ilitaka kukimbia ilipomwona fundi," alisema, "bahati nilikuwa nimekwisha kuifukia miguu."

Basi ikawa mkewe, Bi Mize, akashikwa na kifua kwa unyevu wa bonde lile. Mganga akamwambia Vuai, "Mpandishe mlimani kwa nduguze kabla ya masika, ama utamzika hapa." Vuai siku ile akauweka mzaha kando. Akatafuta mnunuzi wa nyumba, akampata Bi Riziki, mjane mfinyanzi, aliyeutaka udongo wa bondeni kuliko nyumba yenyewe. Wakapatana mchana ule ule.

Lakini Sultani Haidari alikuwa ametoa amri kwamba nyumba haiuzwi mpaka ikaguliwe, maana mtu mmoja aliuziwa nyumba ikamwangukia siku ya tatu. Amri ilikuwa njema. Kasoro ilikuwa kwa aliyekabidhiwa, Bwana Ghalibu, mkaguzi wa majumba, aliyeisoma kama mtu ahesabuye punje za mtama.

Ghalibu akaja na bakora yake, akasimama katikati ya chumba, akasoma: "Mkaguzi atasimama ndani, na akiona mwanga unapenya kwa tundu lolote, dogo au kubwa, nyumba haiuzwi." Akainua bakora. "Pale naona mwanga. Na pale. Na pale."

"Bwana mkaguzi," akasema Vuai, "ungehesabu pasipo mwanga, tungemaliza upesi."

Vuai akaziba. Ghalibu akarudi, akaona tundu la kupita sisimizi. Vuai akaziba tena. Mara ya tatu ukaonekana ufa, na kusema kweli ufa ule Vuai aliutia mwenyewe, alipoupiga ukuta kofi akijisifu kwamba sasa umekuwa imara. Huku nyuma mawingu yakaanza kukusanyika, na kikohozi kikawa hakimpi Bi Mize nafasi ya kumaliza neno.

Ndipo Vuai alipokwenda barazani kwa Sultani, akainama, akasema, "Ee bwana wangu, nyumba yangu ina tundu moja kubwa kuliko yote, na mkaguzi wako amepita mara tatu asilione. Nimekuja kujishtaki. Naomba uje na Bwana Ghalibu, nilizibe mbele ya macho yenu, jambo hili liishe."

Sultani akastaajabu kumwona mtu anajishtaki mwenyewe. Akasema, "Nitakuja kesho asubuhi. Nawe utaliziba, maana amri ni amri."

Asubuhi yake Sultani na Ghalibu wakaingia, wakaketishwa kitandani. Kidirisha cha pekee Vuai alikwisha kukiziba tangu alfajiri. Sasa akaung'oa ubao wa mlango, akasimamisha mahali pake fito alizokwisha kuzisuka, akaanza kukandika udongo kwa ndani, na Bi Mize akikandika kwa nje. Askari wa Sultani waliobaki nje wakashtuka. Sultani, kwa kutaka kuona mwisho wake, akapaza sauti, "Mwacheni, ni amri yangu!"

Giza likaingia, na joto likalifuata.

"Bwana mkaguzi," akaita Vuai, "waona mwanga?"

"Sioni."

"Basi nyumba imepita?"

"Imepita," akasema Ghalibu kwa sauti ndogo.

"Niandikie cheti."

"Nitaandikaje, nami sioni hata mkono wangu? Fungua mlango!"

"Mlango upi, bwana? Hapa palikuwa na tundu, nami nimeliziba. Nikilizibua, nyumba haiuziki."

Vuai akazipapasa fito za mlangoni. Kisha ikasikika sauti ya Vuai tena, safari hii ya unyonge: "Lahaula! Mimi nilikusudia nibaki nje."

Sultani akaangua kicheko mpaka akapaliwa na vumbi. "Ewe Vuai, umejenga mtego ukajifungia mwenyewe?"

"Bwana wangu, fundi ni yule yule aliyejenga nyumba."

Sultani alipokwisha kucheka, akauliza gizani, "Ghalibu, mlango ni tundu?"

"Kwa maneno ya amri, bwana..."

"Nimekuuliza wewe, sikuiuliza amri."

"Si tundu, bwana."

"Na nyumba hii, itasimama au itaanguka?"

Ghalibu akasema, "Hilo sikulitazama, bwana. Nilikuwa natazama mwanga."

Hapo Sultani akainuka, akaupiga teke mkandiko wa mlangoni ili watoke. Mlango ukazibuka, na kiambaza chote cha mbele kikaufuata, kikaanguka nje kwa kishindo, askari wakatawanyika. Vumbi lilipotulia, Bi Mize alikuwa amesimama pembeni salama, udongo mpaka viwikoni. Akamtazama mumewe. "Tangu ulipokuja kuniposa," akasema, "baba aliniambia hujui kukandika."

Watu waliokwisha kukusanyika nje wakacheka, ila Vuai kicheko kilimkauka. Alimwona Bi Riziki kati ya watu, akamwendea. "Mama, nisamehe. Mzaha wangu wote, na ningekuuzia kaburi."

Sultani akayasikia yale, akatoa mafundi wake wa ngome waijenge nyumba upya, na Ghalibu akaamriwa kuwapondea udongo, apate kujua nyumba husimama kwa nini. Amri ikaandikwa tena kwa maneno machache: mkaguzi atazame kama nyumba itasimama. Siku ya sita Bi Riziki akaingia na vyungu vyake, naye Bi Mize akapandishwa mlimani juu ya punda, kabla tone la kwanza halijadondoka.

Asubuhi ya safari, walipokuja kuaga, Sultani alisema, "Vuai, baki uwe mkaguzi wangu wa majumba."

"Ee bwana wangu," akajibu Vuai, "nipe kazi yoyote, walakini usiniweke karibu na nyumba."

Sultani akacheka, akampa joho lake mwenyewe. Huko mlimani nyumba wakaijenga shemeji zake. Vuai aliruhusiwa kuchota maji tu, nayo wakayachungulia kabla ya kuyatia kwenye udongo. Bi Mize akapona kifua, hata akaweza kumcheka mumewe kwa pumzi nzima. Aliyetusimulia aliishia hapo, nasi hatuna la kuongeza.