Arobaini na Mmoja Waliosubiri Zamu

Hapo zamani, na sisemi zamani ya mababu, nasema zamani hii ya karibu ambayo wengine bado inatuuma, palikuwa na bonde moja milimani lenye shule tatu. Moja ilikuwa juu, ikaitwa Juu. Moja ilikuwa katikati, ikaitwa Kati. Moja ilikuwa chini karibu na mto, ikaitwa Bondeni. Watu wa huko hawakujisumbua na majina. Walisumbuliwa na jambo moja tu: kwa miaka tisa mfululizo hakuna mtoto wa bonde lile aliyefaulu mtihani wa darasa la saba.

Miaka tisa. Kila mwaka matokeo yalikuja, sherehe ya kufunga mwaka ikafanywa hivyo hivyo, makande yakaliwa kimya kama ya msibani, na kesho yake watoto wakapewa majembe.

Kila shule ilikuwa na kitu na ilikosa vitu. Juu alikuwako mkuu wake, Mwalimu Mbonea, mzee aliyebakiza mwaka mmoja kustaafu, na yeye peke yake katika bonde zima ndiye aliyeijua hisabati. Lakini Juu hawakuwa na kitabu hata kimoja. Kati alikuwako Mwalimu Nangasu, mama mwenye kabati la vitabu na ufunguo wake shingoni. Lakini Kati hawakuwa na wa kuvifundisha. Bondeni alikuwako Mwalimu Senkoro, mtu wa shamba. Hakuwa na vitabu wala hisabati, ila shamba la shule lilitoa mahindi na maharage, na watoto wa Bondeni peke yao ndio waliokula mchana.

Sasa lazima mjue desturi ya watu wale, maana kosa lote limetoka humo. Watu wale walilima kwa msaragambo. Ukifika wakati wa palizi, kijiji kizima kinaingia shamba la mtu mmoja, kinalimaliza, ndipo kinahamia shamba la pili, na la tatu, mpaka la mwisho. Mwenye zamu ya mwisho hanuni. Amekaa na magugu yake wiki tatu, lakini anajua watu watakuja, kwa sababu tangu azaliwe hajaona zamu ya mtu ikikosa kufika.

Basi mwezi wa kwanza walimu wale watatu wakakutana Kati. Mwalimu Nangasu akasema, "Tukiwagawia watoto arobaini na wawili hiki kidogo tulicho nacho, hakuna atakayeshiba. Tufanye msaragambo. Tumlimie mtoto mmoja, sote watatu, mpaka afaulu. Akishafaulu, wilaya itatuona, nasi tutahamia kwa wengine."

Mwalimu Senkoro akauliza, "Na hao wengine mwaka huu?"

"Watarudia darasa," akasema Mwalimu Mbonea. "Kwani sisi hatukurudia? Mimi nilirudia mara mbili."

Najua mnataka kuniuliza kwa nini wasingewakusanya wote arobaini na wawili mahali pamoja. Hata sisi tuliuliza, ila tuliuliza tumechelewa. Mwalimu Mbonea alisema kifua chake hakiwezi kupaza sauti mbele ya watoto wote hao. Mwalimu Nangasu alisema vitabu viwili vya hisabati vikipita mikono themanini na minne vitakwisha kabla ya Pasaka. Mwalimu Senkoro alisema maharage hayatatosha. Kila mmoja alikuwa na sababu, na hakuna aliyedanganya.

Wakawapa darasa la saba wote jaribio moja. Nakiete, binti wa Bondeni, akapata arobaini na sita. Navoneiwa, binti wa Juu, akapata arobaini na tano. Hapo ndipo yalipopita mambo yote haya, kwenye alama moja.

Nakiete akahamishiwa Kati, akapewa chumba chenye dirisha la kioo. Mwalimu Mbonea akawa anashuka kutoka Juu kila siku ya kazi kwenda kumfundisha. Darasa lake kule likabaki na hesabu alizoziandika ubaoni siku ya mwisho, na watoto wakazinakili, wakazifuta, wakazinakili tena. Wakaambiwa: subirini, zamu yenu inakuja.

Mwalimu Nangasu akafungua kabati, akatoa vitabu vyote, akavipeleka kwenye chumba chenye dirisha la kioo. Watoto wa Kati wakawa wanasoma mabango ya chanjo yaliyobandikwa ukutani, maana ndiyo maandishi yaliyobaki. Wakaambiwa: subirini, zamu yenu inakuja.

Mwalimu Senkoro akasimamisha chakula cha mchana. Maharage ya Bondeni yakapanda kilima, mengine yakaliwa na Nakiete, mengine yakapelekwa kwa mke wa Mwalimu Mbonea apate nguvu ya kumpikia mumewe anayetembea milima. Watoto wa Bondeni wakawa wanakwenda mtoni saa saba, wanajaza tumbo maji, wanarudi darasani. Wakaambiwa: subirini, zamu yenu inakuja.

Na wakasubiri, tena kwa moyo mweupe. Walikuwa watoto wa msaragambo. Asubuhi walipomwona Nakiete njiani walimbebea mkoba. Mvua iliponyesha walimvua viatu, wakamvusha mto mgongoni ili soksi zisilowe. Navoneiwa, aliyeshuka makusudi kutoka Juu, ndiye aliyembeba mara nyingi, kwa kuwa alikuwa mrefu.

Mwezi wa tisa ukaja mtihani. Watoto wote arobaini na wawili wakakaa siku moja, saa moja, mbele ya karatasi ileile. Shamba la mwisho lingeweza kungoja wiki tatu. Karatasi ile haikungoja mtu.

Matokeo yakatoka. Nakiete alikuwa wa kwanza katika wilaya nzima. Wale arobaini na mmoja walianguka, wote.

Walimu hawakushtuka sana. Walisema ndivyo walivyopanga. Wakaandaa sherehe ya kufunga mwaka ya shule tatu kwa pamoja, ya kwanza tangu bonde lile liwe bonde. Ng'ombe akachinjwa. Makande yakapikwa kwenye masufuria ya harusi. Ukatungwa hata wimbo wa ushirikiano, na waliopangwa mstari wa mbele kuuimba ni wale arobaini na mmoja, kwa sababu walikuwa wakubwa na sauti zao zilikuwa nzito.

Afisa Elimu akaja na gari. Akampa Nakiete barua ya nafasi ya sekondari ya bweni. Watu wakapiga vigelegele mpaka Mwalimu Nangasu akalia. Kisha Afisa akatoa karatasi ya pili.

"Wilaya imefurahi," akasema. "Mwalimu Mbonea anastaafu leo. Nimepewa mwalimu mmoja mpya wa hisabati, nije nimkabidhi kwa shule iliyomtoa mtoto huyu. Ni mmoja, na kituo chake ni kimoja, haruhusiwi kuzunguka. Naandika shule gani?"

Mwalimu Mbonea akasimama. "Bwana Afisa, andika Juu. Kichwa cha mtoto huyu nimekijaza mimi. Nimeshuka na kupanda mlima ule mwaka mzima, na kifua hiki. Nikiondoka leo, Juu hapabaki mtu anayejua kugawanya. Vitabu bila mwalimu vingemsaidia nini?"

Mwalimu Nangasu akasimama. "Bwana Afisa, andika Kati. Huyu ameandikishwa kwangu, amefanyia mtihani kwangu, jina la shule yangu ndilo lililo kwenye matokeo. Na wazo lilikuwa langu. Nisingesema mimi, mwaka huu nao tungekula makande ya msiba."

Mwalimu Senkoro alichelewa kusimama, maana hakuwa mtu wa maneno. "Mimi sina mengi. Mtoto amezaliwa Bondeni. Amekula jasho la Bondeni. Wenzangu mlitoa mlivyokuwa navyo kabatini na kichwani, mkabaki navyo vilevile. Maharage yakiliwa yameliwa. Watoto wangu walikunywa maji mchana mwaka mzima. Andika Bondeni."

Wazazi wakaanza kunong'ona, kisha kusema, kisha kugombana. Watu wa Juu wakahama wakakaa upande wa Juu. Watu wa Kati vivyo hivyo. Watu wa Bondeni wakaanza kukusanya masufuria yao.

Hapo Navoneiwa akatoka kwenye mstari wa waimbaji. Hakuwa ameitwa.

"Shikamoo, Bwana Afisa," akasema. "Walimu wangu wametaja walichotoa. Mwalimu Mbonea alitoa hisabati yetu. Mwalimu Nangasu alitoa vitabu vyetu. Mwalimu Senkoro alitoa chakula chetu. Sisi hatukatai, tulikubali, tuliambiwa zamu yetu inakuja. Sasa tumemaliza kulima kwa Nakiete. Tunaomba mje kwetu."

Afisa akamtazama Mwalimu Mbonea. "Wanamaanisha kurudia darasa?"

"Ndivyo tulivyowaahidi," akasema mzee.

"Kurudia kumefutwa, Mwalimu. Waraka umekuja tangu mwaka jana. Hamkuusoma?"

Waraka ule ulifika. Uliletwa Juu ukasomwa nusu, ukapelekwa Kati ukafungiwa kabatini, na Bondeni haukufika kabisa. Mwalimu Mbonea akakaa chini, si kwenye kiti, kwenye majani.

Afisa hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo linalonikera mpaka leo, maana angekuwa mbaya ningepata wa kumchukia. Akasema polepole, "Binti, nikiandika hapa 'darasa la wanaorudia', nitajibu mwenyewe huko niendako. Niko tayari. Lakini mwalimu atakuwa wenu tu, mwaka mzima. Wadogo zenu wa darasa la sita wanaingia la saba mwezi wa kwanza. Hao watabaki bila mtu. Unataka niandike?"

Mdogo wake Navoneiwa alikuwa darasa la sita. Alikuwa amekaa palepale mbele na sahani ya makande. Navoneiwa akamtazama, akarudi nyuma hatua moja.

Mwalimu Nangasu, kwa kutapatapa, akamgeukia mshindi. "Nakiete, mwanangu, sema wewe. Wewe ndiye uliyefaulu, nani amekufaulisha?"

Nakiete alikuwa ameshika barua yake kwa mikono miwili. Akasema, "Mwalimu, mimi sikuomba. Kila siku nilikula wenzangu wakinitazama dirishani, na mlinikataza kuwapa, mkasema nitawapa nikirudi nikiwa mwalimu. Nimehesabu. Mpaka nimalize masomo, hawa watakuwa na watoto wao. Nawapa nini? Bwana Afisa, kama inawezekana, nafasi yangu mpe Navoneiwa. Tulipishana alama moja."

"Haiwezekani," akasema Afisa. "Nafasi inakwenda na matokeo."

Navoneiwa akamshika Nakiete mkono, akauachia. "Usitupe barua," akamwambia. "Tutakuwa tumekubeba bure."

Afisa akatazama saa. Akasema, "Nina bonde jingine la kwenda. Nitakaa garini nusu saa. Mkiafikiana, nileteeni jina moja, lolote, nitaandika."

Nusu saa ile naikumbuka yote. Juu walisema Juu. Kati walisema Kati. Bondeni walisema Bondeni. Wazazi wa arobaini na mmoja walisema wanaorudia, na hao hao, wenye watoto wa darasa la sita, wakasema hapana, na mama mmoja alisema yote mawili kwa pumzi moja, kisha akaketi akajifunika khanga usoni. Watu waliomaliza kila shamba la bonde lile pamoja, bila kukosana hata msimu mmoja, walishindwa kukubaliana juu ya mtu mmoja mwenye chaki. Gari likawashwa. Mwalimu Senkoro akakimbia nyuma yake akipunga mkono, lakini hata yeye hakuwa na jina la kusema.

Mwalimu yule mpya alipelekwa bonde jingine. Nakiete alikwenda sekondari na hakurudi. Nimejaribu kumlaumu nimeshindwa. Mwalimu Mbonea alikufa kabla ya mvua za masika, na kaburi lake tulilichimba kwa msaragambo, sisi arobaini na mmoja, maana tulikuwa nyumbani na majembe tulikuwa nayo.

Ndiyo, nimesema sisi. Mmenisikia nikiitaja hesabu ile tangu mwanzo, mkadhani nimeambiwa. Nilihesabiwa humo. Navoneiwa ni jina langu.

Msinijibu haraka. Kila ninapoisimulia, anatokea mwerevu anayesema mwalimu angezunguka, au walimu wangekuwa na akili tangu mwezi wa kwanza. Hilo silo ninalouliza. Gari limesimama, injini inaunguruma, mwalimu ni mmoja, na karatasi ina nafasi ya jina moja. Mzee aliyetembea milima yuko hapo. Mama aliyefungua kabati yuko hapo. Mtu aliyewanyima watoto wake chakula yuko hapo. Sisi tuliongoja tuko hapo, na mdogo wangu ameketi mbele na sahani yake, ananiangalia.

Haya, ninyi mliokaa hapa mkanisikiliza: mngemwandikia nani? Na kila ambaye mngemwacha, nani kati yenu angekwenda kumwambia, safari hii akimwangalia machoni, kwamba asubiri, zamu yake inakuja?