Mayai Makubwa ya Wifi Teodosia

Kicheche aliingia katika banda la Edina, kule Kilimarondo, akaua kuku wote kama aliyetumwa. Alisalimika koo mmoja tu, mwekundu, aliyezoea kutagia jikoni nyuma ya kinu. Naye sasa alikuwa amelalia kiota kitupu, manyoya yamemsimama, akidonoa kila mkono uliomkaribia. Edina alijua maana yake: koo alitaka mayai ya kuatamia. Koo huyo akitotoa vizuri, uwanja ungepata kuku tena kabla ya mvua; akikosa, familia ingekaa muda mrefu bila hata kuku wa kumchinjia mgeni.

Basi akapanda bodaboda hadi Likunja, kwa wifi yake, Teodosia. Katika ukoo wao, aliyepotewa na kuku hupewa mbegu na wifi, tena huchagua mayai kwa mkono wake mwenyewe, ili baadaye asimlaumu mtoaji.

Teodosia alimtolea vikapu viwili. Katika kimoja mayai yalikuwa madogo, magumu kama kokoto. Katika kingine yalikuwa makubwa, yanajaza kiganja.

"Wifi, chukua hayo madogo," alisema Teodosia. "Ni ya makoo vijana, wanaotaga kwa mara ya pili tu. Haya makubwa ni ya vikongwe vyangu. Kuku akizeeka, yai hukua lakini ganda huwa jembamba, na ukilivunja kwenye sahani, ute hutawanyika kama maji. Haya ni ya kukaanga."

Edina akacheka kwa dharau. "Nilijua tu! Kaka yangu alioa mchoyo. Manono yako wewe, mimi nichukue punje?"

"Haya, mkono ni wako. Mimi nimeshasema."

Edina akajaza makubwa, akayafukia katika pumba, akaondoka kichwa juu kama jogoo aliyeshinda.

Barabara haikumhurumia. Alipofika, baadhi ya mayai yalikuwa yamepasuka. Yaliyobaki akampa koo, naye akayakumbatia kwa subira, akitoka mara mojamoja kunywa maji. Lakini alipoyageuza, ganda hili lilibonyea, lile likavuja, yakachafua mengine. Siku ya kutotoa, Edina alipiga magoti jikoni, akatega sikio. Ikalia sauti moja. Akangoja mpaka jua likatua. Ikabaki ileile moja. Akayachukua mayai yaliyosalia, akayatikisa karibu na sikio, yakacheza maji. Viza matupu.

Kesho yake Teodosia alipiga simu. "Wifi, vifaranga wangapi?"

"Mmoja."

Teodosia hakucheka. "Pole, mama. Njoo basi uchukue yale madogo."

"Nimpe nani ayalalie, wifi? Koo ameshatoka na mwanawe. Halali tena mpaka amlee akue."

Nje, koo mwekundu alikuwa akiparua uwanja mpana kwa ajili ya kifaranga mmoja. Hapakuwa na mwingine wa kulaumiwa, kwa maana mkono uliochagua ulikuwa wa Edina mwenyewe. Kweli, mchagua nazi hupata koroma.