Kipimo cha Nyumba ya Bi Mize

Alhamisi, tarehe kumi Julai, saa tisa alasiri, umeme ulikatika mtaani. Jioni hiyo ilikuwa hitma ya marehemu mume wa Bi Mize, na wageni wangekaa gizani. Akaenda kwa Bwana Shaali, muuza majenereta.

"Nataka lile dogo, la friji na taa mbili."

"Dogo? Mjane wa Mzee Shekue! Chukua hili kubwa, bibi."

"Nitajuaje kama linanifaa?"

"Liwashe leo. Lisipokufaa, kesho nalichukua bila neno."

Hitma ikasomwa, taa zikamulika hadi barabarani.

Asubuhi Bi Mize akasema, "Kubwa mno. Niletee lile dogo."

"Mbona jana lilikufaa?"

"Jana nilikuwa na wageni, Bwana Shaali. Leo niko na friji."

Mola amrehemu Mzee Shekue, amtilie nuru kaburini mwake. Amin.