Asali Nyeupe ya Mihayo

Mwaka umeingia, nanyi mnaoandika vitabu mmekaa hapa tangu asubuhi mkielezana mtakayoyaandika. Nimewasikiliza. Mmoja atatunga riwaya ya vizazi vingi, mwingine diwani ambayo mfano wake haujaonekana, na dada huyu aliyesema mwisho hatagusa kalamu mpaka apate sentensi ya kwanza iliyo kamili. Ni malengo mazuri, sina la kuyapinga. Ila dada amenikumbusha mtu fulani, nami ningependa niwasimulie habari zake kabla hatujaagana.

Mtu huyo aliitwa Mihayo. Kwa lugha ya kwao jina hilo maana yake ni maneno. Alikuwa mrina asali. Alitengeneza mizinga ya magome, akaitundika juu ya miti msituni, na nyuki walipokwisha kujaza masega alirudi na moshi wake akavuna. Aliishi ukingoni mwa msitu na mkewe Misoji na mama yake mzazi, Bi Kalunde. Binti yao Milembe alikuwa ameolewa mbali, kwa hiyo nyumba ilikuwa kimya. Asali ya Mihayo ilikuwa nzuri na watu waliipenda, lakini mwenyewe alikuwa ameichoka. Aliionja akasema moyoni, hii ni ile ile ya mwaka jana.

Alfajiri ya siku ya kwanza ya mwaka, aliota. Aliona anatembea msituni na miguu yake haitoi sauti. Akafika mahali peupe pasipo na kichaka, na hapo ulisimama mti usio na jani hata moja, umejaa maua meupe toka shina hadi kileleni. Nyuki waliuzunguka polepole, kama nyuzi za pamba zinazoelea hewani. Katika shina palikuwa na tundu. Alitia kidole humo, kikatoka na asali nyeupe. Alipoiweka ulimini, aliijua. Hakuwa ameionja kamwe, lakini aliijua, kama mtu anavyoijua sauti iliyombembeleza kabla hajaweza kusema. Alipoamka, mdomo wake ulikuwa bado mtamu.

Mwaka huo mama yake hakuwa mzima. Homa ndefu ilikuwa imempitia, na ilipoondoka iliondoka na ladha zote. Ugali ulikuwa kama udongo kinywani mwake, mchuzi kama maji ya mvua. Alikula kwa kubembelezwa, na mwili ulikuwa unaisha. Asubuhi ile ile, kabla Mihayo hajasimulia lolote, Bi Kalunde alimwita akamwambia, "Mwanangu, nina hamu ya asali. Pengine hiyo nitaisikia."

Asali ya msimu uliopita ilikuwa imekwisha kijijini kote. Mihayo alipiga magoti kando ya kitanda. Aliona ndoto na ombi vimekutana, na machozi yakamlenga. Akasema, "Nitakuletea asali nyeupe, mama."

Akawasimulia majirani. Nao wakafurahi, kwa maana hadithi ilikuwa tamu kuisikia. Walimwita kwenye nyumba zao asimulie tena, na kila aliposimulia mti uliongezeka urefu na maua yakazidi weupe. Jioni alirudi nyumbani ameshiba, kama mtu aliyetoka kuvuna.

Kisha akaanza kutengeneza mzinga. Alisema asali kama hiyo haiwezi kuingia katika mzinga wa kawaida. Alizunguka sana kutafuta gome lisilo na fundo. Alilishona kwa kamba laini, akachora juu yake maua, akayafuta, akayachora upya. Aliusugua kwa majani makavu mpaka ukang'aa, akaupaka mafuta, akaukalisha kivulini na kuutazama. Wakati mwingine alisinzia mbele yake, na katika usingizi huo mfupi aliona nyuki weupe wakiingia na kutoka, naye akatabasamu. Warina asali wenzake walipita njiani na mizinga yao isiyosuguliwa, wakamsalimu, wakaingia msituni. Miti ilikuwa imeanza kuchanua.

Kila asubuhi Bi Kalunde aliuliza, "Asali yangu iko wapi, baba?" Na kila asubuhi Mihayo alijibu kwamba iko njiani.

Siku moja, jua likiwa utosini, hewa ilianza kuvuma. Kundi la nyuki lilitokea upande wa mashamba, likapita juu ya nyumba kama wingu lililopotea njia, likatua kwenye nguzo ya jiko la nje. Misoji alitoka nje akasimama bila kupumua. Akamwambia mumewe kwa sauti ya chini, "Baba Milembe, wamekufuata mpaka nyumbani. Wape mzinga."

Lakini ua moja lilikuwa bado halijakamilika. Mihayo alilichora kwanza, akapaka mafuta mara ya mwisho, kisha akaubeba mzinga wake mzuri akauweka chini ya nguzo. Nyuki wachache walishuka, wakatembea mlangoni mwa mzinga, wakaisikia harufu ya mafuta mabichi, wakarudi kwa wenzao. Kundi lote likanyanyuka. Likaelea kidogo juu ya nyumba, kisha likaenda zake msituni.

Mihayo alilifuata. Hakubeba mzinga wala kamba. Alijiambia kwamba nyuki hao wametoka kwenye mti wake na wanarudi kwenye mti wake. Aliwapoteza mapema, lakini hakugeuka. Alitembea siku nyingi, akila matunda ya porini na kulala penye nyasi kavu, na msitu ulikuwa kama ule wa ndoto, tulivu, wenye mwanga uliochujwa na majani. Alipita chini ya miti iliyokuwa imejaa maua madogo ya rangi ya kijani kilichofifia, maua ambayo mtu asiye makini hayaoni. Miti hiyo ilikuwa inanguruma kwa nyuki. Hakusimama. Haikuwa myeupe.

Mchana mmoja alichoka, akalala chini ya mojawapo ya miti hiyo. Aliamshwa na kitu chepesi kinachomdondokea usoni. Yalikuwa ni maua. Yalikuwa yanaanguka bila upepo, makavu, yamemaliza kazi yake, na alipotazama juu aliona matawi yanabaki matupu. Mvumo ulikuwa umepungua. Hapo ndipo Mihayo alipoogopa. Aliinuka akaanza kurudi, na njia ya kurudi ilikuwa ndefu kuliko ya kwenda.

Alipofika, Misoji alimwambia kwamba jirani mmoja, Nkwabi, alikuwa ameleta bakuli la asali yake ya kwanza.

"Mama amekula?" Mihayo aliuliza.

"Amekataa," alisema Misoji. "Amesema mwanangu atanitafutia. Hakutaka urudi ukute ameonja ya mwingine."

Mihayo akaingia ndani. Bi Kalunde alikuwa amelala akitazama dirisha, na mkono wake juu ya shuka ulikuwa mwepesi kama jani. Alifurahi kumwona. Alimuuliza kama amekula, kama miguu inamuuma, kama mvua ilimkuta huko. Mihayo alikaa kando yake akingojea lile swali la kila asubuhi. Kulipokucha alikaa tena akangojea. Swali halikuja. Mama yake alikuwa ameacha kuuliza.

Mihayo alitoka nje akakaa kwenye kizingiti. Baada ya muda aliinuka akaenda nyuma ya nyumba. Huko kulikuwa na mzinga wa zamani uliopasuka ubavuni, ambao kuku waliutumia kutagia. Alitoa majani na manyoya. Alifunga ufa kwa kamba, akasugua ndani kwa kipande cha nta kilichobaki mwaka uliopita, na mikono yake ilifanya kazi hiyo haraka, bila kumwuliza kitu, kama ilivyokuwa ikifanya zamani.

Karibu na kisima palikuwa na mti usio na sifa yoyote. Uliota umeinama, na kwa sababu ya maji ya pale ulichelewa kuchanua na ulichelewa kupukutisha. Bado ulikuwa na maua. Mihayo alipanda, akaufunga mzinga kwenye panda ya tawi, akashuka. Wanawake waliokuwa wakiteka maji walimtazama wakajua ni nini, wakasogeza ndoo zao mbali kidogo ili kuwapa nyuki nafasi.

Sasa alikuwa hana la kusimulia. Watu walipomuuliza habari za mti mweupe alisema hajui. Asubuhi alikwenda kisimani, akasimama chini ya mzinga, akasikiliza, akarudi kumpa mama yake maji. Siku nyingi hakusikia kitu. Halafu alimwona nyuki mmoja akiingia. Kesho yake wakawa wengi. Siku zilipopita sauti ilijaa ndani ya gome, sauti ya chini, kama watu wanaozungumza chumba cha pili, naye alisimama pale mpaka akasahau kwamba ana miguu.

Alivuna mapema, kwa kuwa hakuthubutu kungoja. Yalikuwa masega machache. Asali yake ilikuwa nyeusi, yenye harufu ya moshi na uchungu kidogo wa majani. Mihayo aliionea haya. Aliitia katika kibuyu kilichokatwa, akaifunika kwa jani, akaipeleka ndani akiwa ameinamisha uso.

Misoji alimwinua mama mkwe wake akamwegemeza kifuani. Mihayo alichota kwa kijiko akaweka kinywani mwa mama yake. Bi Kalunde alifumba macho. Kisha midomo ikaanza kusogea, polepole, na uso wake ukawa uso wa mtu anayefikiwa na habari kutoka mbali.

"Hii ni ya kisimani," alisema. "Nilipoletwa hapa mwali nilikuwa napumzika chini ya ule mti. Naisikia. Naisikia kabisa."

Mihayo alianza kulia. Akasema, "Nisamehe, mama. Sikuipata ile nyeupe."

Bi Kalunde alifumbua macho akamtazama, na hakuwa na hasira hata kidogo.

"Mimi niliomba asali, mwanangu. Weupe uliutaka wewe."

Akafungua kinywa aongezwe.

Siku hiyo alikula kijiko kwa kijiko. Siku iliyofuata aliomba ugali wa moto, akauchovya kwenye asali, na Misoji alitoka nje akatangaza kwa sauti kubwa mpaka watu wa nyumba za mbali wakasikia. Nguvu zilimrudia taratibu. Hakuwa tena mwanamke wa kulima, lakini msimu uliofuata alikuwa anaketi uani akipepeta mahindi na kuwagombeza kuku.

Na Mihayo hakuacha kuota. Msidhani alitubu ndoto yake, wala mama yake hakumwomba aitubu. Mti mweupe ulimjia tena, si mara moja, na kila ulipomjia aliamka na utamu mdomoni. Tofauti ilikuwa moja tu. Alipoamka alichukua mzinga uliokuwapo, akaenda kuutundika kwenye mti uliokuwa umechanua siku hiyo. Mwaka mmoja asali yake ilitoka ya dhahabu, mwaka mwingine nyekundu. Wapo waliosema kwamba kadiri alivyozeeka ilizidi kung'aa. Yeye hakuwa mtu wa kuijibu sifa hiyo, maana siku hizo alishinda msituni.

Hizo ndizo habari zake. Wengine mmekwisha elewa msitu ni nini na maua yanayopukutika ni nini, kwa hiyo sitaeleza. Tutatoka hapa, kila mmoja ataikuta meza yake na mwaka mzima mbele yake, na malengo yetu ya leo yatakuwa bado yanatutamanisha kama hadithi nzuri inavyotamanisha kusimuliwa. Mimi nina swali moja tu kwa kila mmoja wenu, na kwako wewe, dada, zaidi: je, unamjua aliyekuomba uandike, na unadhani ataendelea kuuliza mpaka lini?