Suti ya Kubana na Mti wa Mbele

Anayekimbiza kuku wawili kwa pamoja hurudi nyumbani na manyoya. Hiyo ndiyo maana ya mshika mbili, moja humponyoka. Majaliwa wa Kasulu aliijua methali hiyo tangu darasani, ila magoti yake ndiyo yaliyokuja kumwelewesha.

Mwaka 2013 dada yake, Esteri, aliposwa kijiji cha Kagerankanda. Bibi yao, Josephina, alikataa mjukuu wake afikishwe kwa bodaboda kama kiroba cha dagaa. Alitaka abebwe kwa ngobyi, ile machela ya kufumwa ambayo Waha wa zamani walibebea bibi harusi. Baba yao alikwisha kufariki, hivyo mti wa mbele wa machela hiyo ilikuwa zamu ya kaka kuubeba. Kaka akishindwa angeshika mwingine, na maneno ya watu yangefika harusini kabla ya bibi harusi.

Majaliwa akajiunga na wapiga chuma waliofundishwa na Athuman nyuma ya duka lake. Chuma chenyewe kilikuwa bomba lenye makopo ya zege huku na huku. Alijituma kama mchwa. Tatizo likawa suti ya harusi. Alikwisha kushonesha ya kubana, na kitambi chake kiligoma kuingia. Basi asubuhi akanywa maji ya ndimu, jioni akatafuna kabichi, ugali wa muhogo akaupa kisogo.

"Mdogo wangu, unajenga nyumba huku unauza matofali," Athuman alimwambia. "Wewe bado mgeni wa chuma. Mgeni hulishwa kwanza."

"Nikila, suti itakataa, kaka Athuman. Mimi nitabeba na nitapendeza."

"Utapendeza ukiwa umelala chini?"

Wenzake walicheka hadi wakashika mbavu. Majaliwa akakaza uzi.

Ulipobaki mwezi mmoja kabla ya harusi, wabebaji wanne walifanya mazoezi na gunia la mahindi juu ya ngobyi. Katikati ya mlima magoti ya Majaliwa yalitetemeka kama ya mwanambuzi aliyezaliwa asubuhi hiyo. Macho yakaingia giza, mti ukamponyoka, gunia likabingirika hadi kwa kina mama waliokuwa wakifua mtoni. Kabla jua halijatua, sokoni ilisemwa kwamba bibi harusi ameangushwa na amevunjika mguu.

"Niachie mti, binamu," Longinus alimwambia mbele ya watu. "Wewe vaa suti, ushike maua."

Bibi Josephina hakumkemea. Alimwekea matonge ya ugali na maharage yaliyoungwa kwa mawese, akaketi mkabala naye.

"Mjukuu wangu, Esteri ameniuliza kama utambeba. Nimjibu nini?"

 Majaliwa alinawa mikono, akala mpaka akaifuta sahani. Kesho yake akampelekea Longinus suti.

"Itakutosha. Maua utashika wewe."

Tangu siku hiyo alikula na kunyanyua, akalala, akala tena.

Siku ya harusi alivaa shati pana, akauweka mti wa mbele begani. Mlima ulipoanza, sauti ilitoka juu ya ngobyi.

"Kaka, usiniangushe."

"Nyamaza, dada. Maneno nayo yana uzito."

Jasho lilimtiririka, lakini magoti hayakuyumba hata mara moja. Aliufikisha mti hadi uani kwa mume, na vigelegele vya Bibi Josephina vikatangulia vya wote. Kitambi alikuwa nacho, suti hakuwa nayo, dada yake alikuwa amemfikisha salama, na kila aliyemwona alikubali kwamba mshika mbili, moja humponyoka.