Jeneza Lililolia Makambako

Aliyeoga bila mafuta hajamaliza kuoga.

Mnacheka? Mnadhani methali hii ilitungwa na matroni wa bweni, akiitazama miguu yenu iliyopauka kwenye foleni ya uji. Hapana, wanangu. Miguu haikuhusika hata kidogo. Tulieni niwaeleze ilikotoka.

Makambako palikuwa na fundi wa majeneza aitwaye Tweve. Kazi zake zote alizipaka kwa bunduki ya kupulizia rangi, na bunduki hiyo aliitunza kwa usafi wa kutisha. Kila jioni aliizamisha nzima katika kopo la thina, ile dawa ya kuyeyushia rangi, ikalala humo, ikatoka asubuhi inang'aa kama sahani ya mgeni. Mafuta hakuitia hata tone. Aliogopa kwamba mafuta yakigusa rangi, rangi itajaa vishimo kama uso uliougua ndui. Hofu hiyo ilikuwa ya haki. Kosa lake lilikuwa kudhani kwamba bunduki nzima ni njia ya rangi.

Basi Edina Mligo akafiwa na mama yake. Marehemu alikuwa ameacha wasia mmoja tu: azikwe katika jeneza jeupe lisilo na doa. Kijiji kilikuwa mbali milimani, mawingu yalikuwa yanakusanyika, na dereva wa lori aliapa kwamba mvua ikitangulia, barabara haitapitika na mazishi hayatakuwepo. Ndugu walisimama nje ya karakana wakitazama mara mbingu, mara fundi.

Tweve akapuliza ubavu wa kwanza, ukatoka mweupe kama maziwa. Akahamia kwenye kifuniko, akapuliza, akaachia kifyatulio. Rangi haikukoma. Sindano inayoziba tundu ilikuwa imekwama nyuma. Hadi anauchomoa mpira wa upepo, michirizi mirefu ilikuwa inashuka kifuniko kizima.

"Fundi," Edina alisema kwa sauti ndogo, "mbona jeneza linalia?"

"Linalia nini! Subiri, dada."

"Mvua haisubiri, kaka. Mama nimwambie nini?"

Dereva akapiga honi. Tweve akaifungua bunduki. Pakingi, yaani kile kipete laini kinachoishika sindano, ilikuwa imekaushwa na thina, imepasuka nyufa na kuing'ang'ania sindano.

"Sielewi," alisema, karibu alie yeye na jeneza lake. "Naiogesha kila siku!"

Shangazi yake Edina, mwenye mkoba mkubwa kuliko msiba wenyewe, akainama kuchungulia. "Eh! Hiki si kisigino cha kiangazi? Kumwogesha umemwogesha, baba. Mafuta ulimpaka lini?"

"Mafuta yataharibu rangi, shangazi."

"Nani kasema umpake mwili mzima? Mtoto humpaki mafuta machoni. Unapaka panapopauka."

Akafukua mkoba, akatoa kopo la mafuta ya mgando. Tweve akachota kidogo kwa ncha ya kucha, akaipaka pakingi mpaka ikalainika, akapaka shingo ya sindano na kiungo cha kifyatulio, kisha akafuta kilichozidi, akafuta tena, midomo ikisali. Ndugu wakaifuta michirizi kwa thina. Tone la kwanza la mvua likagonga bati.

Akapuliza kifuniko upya.

Akaachia. Rangi ikakoma.

Edina alikisogelea kifuniko, akakikagua kutoka kichwani hadi miguuni, akitafuta kishimo. Hakukiona. Ndipo akakaa chini, akamlilia mama yake kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

Alasiri ile marehemu alizikwa kama alivyotaka. Lakini kabla ya hapo, lori lilipokuwa linaondoka karakanani, jeneza likiwa chini ya turubai na mvua ikilifukuza kwa nyuma, shangazi alisimama juu ya mizigo, akapaza sauti hadi wauza viazi wakageuka:

"Fundi! Aliyeoga bila mafuta hajamaliza kuoga!"