Kisu cha Marehemu Kilichosema

Haya, wenye masikio sogeeni, mwenye usingizi akalale kwao.

Palikuwa na mjane, Mize, aliyelia mpaka majirani wakamchoka. Siku moja akichimba muhogo, jembe likagonga kisu cha kukunja cha marehemu mumewe, kimeliwa na kutu, hakifunguki. Akakisugua kwa limau na majivu, akakitia mafuta ya nazi. Kikafunguka. Akakinoa, kikasema, "Nikate nini, bibi?"

"Kata machozi haya." Kikakata. Macho yakakauka kama kifuu.

Kesho yake akakinoa tena. "Nikate nini, bibi?"

"Kata ndoto za mume wangu." Kikakata. Akalala kama gogo.

Mara ya tatu, "Nikate nini, bibi?"

"Kata chochote kilichobaki." Ujinga huo! Kisu hakichagui. Kikakata, Mize asione tena raha wala karaha.

Jioni bintiye, Sikudhani, akamwagikiwa uji wa moto mkononi. "Mama, naungua!" Mize akamtazama kama atazamavyo kuku wa jirani.

Mtoto akauliza, "Mama, mimi ni wa nani?"

Mize akatafuta jibu moyoni, asilione. Hakuogopa. Lakini akili ilikuwa imebaki, nayo ilijua kwamba mama hujibu. Akakitumbukiza kisu kwenye maji ya chumvi, kirudi kwenye kutu yake.

Siku zikapita, kutu ikapanda. Ilipokifunika chote, chozi moja la Mize likamdondokea Sikudhani kwenye kidonda.

"Linachoma, mama!"

"Najua, mwanangu. Hata mimi."

Yangu nimeyamaliza. Aliyetaka tamu akalambe sukari.